Bunduki Haina Kwao

Kila kazi ya mwanadamu huacha mabaki yake. Mkulima huacha mabua shambani, seremala huacha maranda chini ya meza, na mvuvi huacha nyavu zilizochakaa juu ya mchanga. Mabaki hayo hayamdhuru mtu. Kazi yake ikiisha imekwisha. Shughuli ya vita haina mabaki ya namna hiyo. Bunduki iliyokwisha kupigana haistaafu. Aliyeishika akifa, huchukuliwa na aliyemwua. Aliyeinunua akishindwa, hurithiwa na aliyemshinda. Na dola iliyoitengeneza ikianguka, bunduki yake huvuka mipaka ikajitafutia bwana mwingine. Makala yetu ya leo inahusu tabia hiyo ya silaha. Tutaianzia hapa katika milima yetu ya Usambara, tutavuka nayo hadi Unguja, kisha tutaifuata hadi nchi za mbali za Japani na Burma, na mwisho tutairudisha nyumbani. Maana jambo hili, ingawa asili yake ni ya kale, limo mikononi mwa viongozi wetu na wananchi wetu hata leo.

Msafiri apandaye kutoka Muheza, akapita Sigi na Amani hadi kufika Kwamkoro, huona chai iliyotandazwa kama jamvi la kijani na msitu mkubwa uliojaa ukungu. Ni vigumu kwake kusadiki kwamba vita viliwahi kuwa na haja na mahali kama hapa. Lakini vilikuwa nayo. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha pale Amani kituo kikubwa cha utafiti wa mimea na kilimo. Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, na manowari za Kiingereza zikaifunga pwani yetu, kituo hicho kiliacha kazi ya amani kikafanya kazi ya vita. Kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti, kikatengeneza sabuni, mishumaa, vileo na vifaa vya mpira, ili jeshi lililokatiwa njia ya baharini lisife kwa homa na upungufu. Kutoka Sigi reli nyembamba ilishuka hadi Tengeni, ikaungana na reli kubwa itokayo Tanga kwenda Moshi. Kwa njia hiyo mali ya mlima wetu ilishuka kwenda kulisha vita vya watu wengine.

Dawa na sabuni walizipata. Taabu yao kubwa ilikuwa silaha. Sehemu kubwa ya kompani za askari wa Kijerumani mwaka 1914 zilikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zitumiazo baruti nyeusi. Bunduki hizo zilipolia, wingu la moshi lilipanda juu ya kichaka na kumwonyesha adui mahali alipolala mpigaji. Basi mwanzoni mwa Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, wengi wao wakiwa askari walioletwa kutoka Bara Hindi, yaliteremka Tanga yakiwa na watu wapatao 8,000. Yalipigwa na jeshi dogo kuliko yao mara nyingi, yakarudi melini kwa haraka, na nyuma yao yakaacha ngawira. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipata humo bunduki mpya za kutosha kompani tatu, bombomu kadhaa, simu za vitani, na risasi zipatazo 600,000. Silaha zilizoletwa kuiteka Tanga zikawa ndizo za kuilinda Tanga, na kwa zile zile wakapigwa waliozileta.

Haikupita nusu mwaka jambo la namna hiyo likatokea tena, safari hii katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyosafiri kwa jina la uongo na bendera ya Denmark, iliingia ghuba hiyo ikiwa na shehena ya bunduki na risasi, huku manowari ya Kiingereza ikiifuata nyuma. Nahodha wake aliipandisha mwambani na kuwasha moto juu ya sitaha, na Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha. Wahenga walisema kilicho baharini kingoje pwani. Watu walizamishwa majini kutoa shehena kidogo kidogo. Risasi zilizolowa maji ya chumvi zikafumuliwa moja moja, baruti ikaanikwa ikakauka, kisha zikaundwa upya. Shehena ambayo Waingereza waliiandika kuwa imepotea ikaendelea kuwaua kwa miaka iliyofuata.

Sasa na tuvuke bahari, kwa kuwa kisa kilicho wazi zaidi kuliko vyote kilianzia katika bandari ya Unguja. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetia nanga mbele ya mji, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo, haiwezi kwenda mbele wala nyuma. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ikatokea, ikasimama mbali mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika, ikaipiga mpaka ikawa haifai. Makumi ya mabaharia walikufa asubuhi ile, na hata leo wako waliozikwa katika kisiwa cha Chapwani, karibu na mji, ambako wageni huenda kuogelea na kupunga upepo. Pegasus ikazama. Baada ya hapo Königsberg nayo ilijificha katika mikono ya mto Rufiji, ikazingirwa kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915, ilipokwisha kupigwa vibaya, nahodha wake Max Looff aliamuru izamishwe.

Mtu wa kawaida angedhani hadithi ya meli hizo mbili iliishia hapo: moja imelala chini ya bandari ya Unguja, nyingine imelala katika tope la Rufiji. Lakini chuma kilikuwa bado na kazi. Waingereza waliitoa mizinga ya Pegasus, mingine wakaiweka kuulinda mji wa Unguja, na mingine wakaifunga magurudumu na kuipeleka bara, ambako askari waliipa jina la utani kutokana na jina la meli yake. Wajerumani nao waliitoa mizinga yote kumi ya Königsberg, wakaipeleka Dar es Salaam, na katika karakana za reli wakaiundia magari ya kuibeba. Mizinga iliyotengenezwa kupigana juu ya mawimbi ikaanza kupanda milima na kuvuka mbuga. Mmoja uliwekwa katika meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika. Mmoja ulikuwa Kahe, karibu na mwisho wa reli yetu ya Usambara, Machi 1916. Mingine ikasikika Kondoa Irangi mwezi wa Mei mwaka huo huo. Hivyo meli mbili zilizozama, moja kisiwani na moja mtoni, zikaendelea kupigana katika kampeni moja ya bara, mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki.

Na mwisho wa vita hivyo ulikuwaje? Katika Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, mizinga yote ya Königsberg ikiwa imekwisha kuharibiwa au kutekwa. Pale Ngomano aliwashinda Wareno, akachukua bunduki zao, risasi zao na dawa zao, akaendelea kupigana kwa mwaka mzima. Aliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, silaha zake zilihesabiwa. Ulikuwako mzinga mmoja, nao ulikuwa wa Kireno. Zilikuwako bombomu 37, na saba tu kati yake ndizo za Kijerumani. Zilikuwako bunduki 1,071, nazo zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Yaani jeshi la Mfalme wa Wajerumani lilimaliza vita bila kukabidhi hata bunduki moja ya askari iliyotoka Ujerumani. Lilikuwa limelishwa silaha na maadui zake wenyewe kwa muda wa miaka minne.

Tunawaomba wasomaji wasiisome habari hiyo kwa kustaajabia ujanja wa makamanda. Kila mzinga uliotoka majini ulihitaji migongo ya watu. Barabara hazikuwapo, wanyama wa kukokota walikufa kwa mbung'o, na mzinga mmoja wa Königsberg ulikokotwa kwa kamba na mamia ya Waafrika. Risasi zilizoanikwa Manza zilibebwa vichwani. Wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wasambaa, Wabondei, Wazigua, Wanyamwezi na watu wa visiwani walichukuliwa katika kazi hiyo kwa pande zote mbili. Kumbukumbu yao kubwa ni neno moja tu, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Leo tunakwenda Kariakoo kununua vitenge na vitunguu. Mizinga ina vibao vyenye majina yake, na baadhi ya watu walioikokota hawana hata kaburi linalojulikana. Silaha ilipotumika mara ya pili, na mtu naye alitumiwa pamoja nayo kama kamba na gurudumu, kisha akaachwa njiani.

Tusidhani kwamba tabia hii ya silaha ni ya Wadachi na Waingereza peke yao. Tutazame Japani. Nchi hiyo ilipigana na Urusi katika mwaka 1904 na 1905, nayo ikabaki na viwanda na maghala ya bunduki ziitwazo Arisaka. Vita Kuu vilipoanza, Uingereza ilipungukiwa na bunduki kwa ajili ya majeshi yake makubwa mapya, ikanunua za Kijapani kwa maelfu. Ilipopata za kwake za kutosha, zile za Kijapani zilikuwa ziada. Na ziada ya silaha hutafutiwa pa kwenda. Mwaka 1916 Waarabu wa Hijazi waliwaasi Waturuki chini ya Sharifu Huseni wa Makka, na miongoni mwa silaha walizopewa na Waingereza zilikuwamo bunduki hizo za Japani. Bunduki ya nchi ya mawio ya jua, iliyobuniwa kwa ajili ya vita vya Mashariki ya mbali, ikalia katika majangwa ambayo mababu zetu waliyajua kwa safari ya Hija.

Katika Vita Kuu vya Pili silaha za Japani zilikutana na vijana wetu wenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika mvua na matope, ikafika mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba. Agosti 1945 Japani ilisalimu amri. Wazee wetu waliorudi walisema vita vimekwisha, na kwao vilikuwa vimekwisha. Kwa bunduki za Kijapani vilikuwa vinaanza upya. Indonesia ilitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, na vijana wake wakazichukua silaha katika kambi za Wajapani. Novemba mwaka huo walizitumia Surabaya kuwapinga Waingereza waliokuwa wakimfungulia mlango Mholanzi arudi. Katika Vietnam wazalendo walizipata bunduki za namna hiyo. Katika Manchuria majeshi ya Urusi yaliyateka maghala ya Wajapani, na sehemu kubwa ya silaha hizo ikawafikia Wakomunisti wa China katika vita vyao na Chiang Kai-shek. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, bunduki hizo zilionekana tena mikononi mwa askari wa China walioingia Korea. Hata wenye bunduki walitumiwa mara ya pili: mwezi wa Septemba 1945, huko Saigon, Waingereza waliwaagiza askari wa Kijapani waliokwisha kusalimu amri washike doria mjini dhidi ya Wavietnam.

Ndugu zetu wa visiwani wana jambo la kuzingatia hapa. Baada ya mwaka 1945 Marekani ilikuwa imeacha magari na zana nyingi za vita katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Zana hizo zilikusanywa, zikapelekwa Japani kutengenezwa upya, na mwaka 1950 zikaingia katika vita vya Korea. Viwanda vya Japani vilivyoshindwa vitani vikapata uhai kwa kazi hiyo, na kampuni ya Toyota, iliyokuwa katika dhiki kubwa, ikauza malori kwa jeshi la Marekani. Miaka 37 baadaye, mwaka 1987, magari madogo ya Toyota, ambayo mkulima huyajua kwa kubebea viazi na maziwa, yalifungwa mizinga juu yake katika jangwa la Chad, na vita vile kati ya Chad na Libya vikaitwa kwa jina la gari hilo. Kisiwa hakikuomba kuwa ghala, wala gari la shamba halikuomba kubeba mzinga. Lakini palipo na vita, kila chuma huulizwa kitafanya nini.

Turudi sasa nyumbani kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Taifa letu lilijibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Katika fujo za kuanguka kwa utawala ule, askari wa Amin waliikimbia kambi ya Moroto huko Karamoja, na ghala la silaha likabaki wazi. Wafugaji wa Karamoja, ambao kwa vizazi walikuwa wakichukuliana ng'ombe kwa mikuki, wakaingia ghalani na kutoka na bunduki kwa maelfu. Toka hapo wizi wa mifugo ukabadilika. Palipokufa watu wawili wakawa wanakufa makumi, na jirani zao wa ndani ya Uganda na ng'ambo ya mpaka wa Kenya wakatafuta nao bunduki ili wasiangamie. Serikali ya Uganda ilianza kampeni ya kuwanyang'anya silaha mwishoni mwa mwaka 2001, na ikalazimika kuirudia mwaka 2006. Malango ya ghala moja yaliyoachwa bila mlinzi kwa siku chache yaligharimu zaidi ya miaka 20 ya machozi. Waliofungua mlango huo hawakufyatua risasi hata moja, walikimbia tu.

Tunajua yuko atakayetupinga. Atasema: je, hamkumbuki kwamba silaha zilizotekwa na silaha zilizopokewa kwa mkono wa pili ndizo zilizowakomboa wanyonge? Je, Waindonesia wangempinga Mholanzi kwa fimbo? Na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ambao nchi yetu iliwapa makao na ambao Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na ofisi zake Dar es Salaam, je, wangewang'oa Wareno na makaburu kwa maneno matupu? Hoja hiyo ni ya kweli, nasi hatuikani. Mtu aliyekaliwa shingoni hawezi kuulizwa risiti ya fimbo aliyoiokota. Lakini hoja hiyo inahusu siku ya mapambano. Sisi tunazungumzia kesho yake. Bunduki iliyoleta uhuru haijui kwamba uhuru umepatikana. Ikiachwa katika dari la nyumba, au ikizikwa chini ya mwembe, au ikiwekwa ghalani bila hesabu, itamtii yeyote atakayeishika, awe mzalendo, mnyang'anyi au kibaraka. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndugu zetu wa Msumbiji walilijua jambo hilo kwa uchungu. Walipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, kisha wakaingia katika vita vingine vilivyowala mpaka mapatano ya tarehe 4 Oktoba 1992. Nchi ilibaki imejaa bunduki zilizofichwa. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji lilianza mpango wa kubadilishana: mtu alete silaha, apewe kitu cha kujipatia riziki, kama vile majembe, baiskeli, cherehani au mabati. Silaha zilikatwakatwa hadharani, na mafundi wa sanaa wakatengeneza viti na sanamu kutokana na vipande vyake. Aliyeleta bunduki alikwenda nyumbani na jembe, na bunduki yenyewe haikubaki na sura ya kumtumikia mtu mwingine. Huo ndio mpango wenye akili, kwa sababu umeyatazama mambo mawili kwa pamoja: umekiua chuma, na umemwachia mwenye chuma njia ya kuishi.

Hatari ya silaha za ziada hainyamazi hata zinapokuwa chini ya ulinzi halali. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 yalilipuka mengine Gongo la Mboto. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, maelfu wakazikimbia nyumba zao usiku na mchana, na watoto wakapoteana na wazazi wao. Hakukuwa na adui wala vita siku hizo. Baruti huzeeka, na ikizeeka huwa mbaya kuliko ilipokuwa mpya. Nayo miji yetu hukua kila mwaka mpaka ukuta wa ghala ukawa ukuta wa jirani. Marehemu wale walikuwa raia waliolala au waliokuwa wakipika chakula chao. Tukiwataja, tunawataja kwa heshima, na kwa kusudi kwamba jambo lile lisihesabiwe kuwa kudra tu, bali somo la kuendeshea mipango.

Sheria tunazo. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nchi yetu ikiwamo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, na itifaki hiyo inataka silaha zitiwe alama, ziandikwe katika daftari, na zile za ziada ziteketezwe. Bunge letu nalo lilipitisha sheria ya udhibiti wa silaha na risasi mwaka 2015. Lakini sheria ikikaa kabatini hufanana na kwinini ikaayo chupani: haimponyi mgonjwa. Kwa hiyo tuna mambo matatu tunayowaomba waheshimiwa viongozi, wa bara na wa visiwani, wayatilie maanani.

Kwanza, hesabu. Kila bunduki iliyo katika kituo cha polisi, katika ghala la idara, katika kampuni ya ulinzi na katika nyumba ya mwenye leseni ijulikane ilipo, na mwenye leseni akifa warithi wasiachiwe bunduki kama wanavyoachiwa kitanda. Tumeona jinsi chuma kinavyorithiwa. Urithi huo usipite pasipo daftari. Pili, silaha iliyochakaa au kuzidi haja isihifadhiwe kwa kudhani kwamba siku moja itafaa. Itafaa kweli, lakini haijulikani itamfaa nani. Iteketezwe, na iteketezwe mbele ya wananchi ili waone kwa macho yao. Pale panapolazimu kuweka akiba, ghala na makazi vitenganishwe kwa mipaka isiyovunjwa na mwenye kiwanja wala na mwenye cheo. Tatu, elimu kwa watu. Vijana wanaookota chuma chakavu waelezwe kwamba kitu cha chuma chenye umbo la chupa au cha mviringo kilichofukuliwa ardhini au kilichotupwa na bahari hakigongwi kwa nyundo wala hakipelekwi mizani. Kiachwe pale pale, watu wakae mbali, na habari ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa sheha au kituo cha polisi.

Wala tusisahau kwamba chuma cha vita chaweza kuongozwa njia ya heri, ikiwa wenye akili watatangulia kabla ya wenye vita. Ile meli Graf von Götzen, iliyobeba mzinga wa Königsberg juu ya ziwa Tanganyika, Wajerumani waliizamisha karibu na Kigoma mwezi wa Julai 1916, baada ya mafundi wake kuipaka mitambo mafuta mazito isiliwe na kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilibeba abiria, dagaa, mahindi na mananasi kutoka bandari hadi bandari, na katika miaka ya shida ikabeba wakimbizi. Na Amani yetu, iliyopika kwinini kwa ajili ya jeshi, baadaye ikawa makao ya utafiti wa malaria kwa faida ya raia wote. Mitambo ya Liemba ilikuwa ile ile, na mlima wa Amani ni ule ule. Kilichobadilika ni shabaha waliyopewa na wanadamu.

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, uko mzinga wa Königsberg, na uko mzinga wa Pegasus. Ile iliyotafutana katika bandari ya Unguja, kisha ikaletwa bara, leo imesimama katika ua mmoja, na watoto wa shule huipanda wakapigwa picha. Wako wasemao kwamba mizinga hiyo imepatana. Chuma hakipatani na chuma. Imenyimwa baruti, imeandikwa katika daftari, na kuna mlinzi mlangoni, basi. Kila silaha iliyobaki katika nchi zetu, barani na visiwani, na itendewe vivyo hivyo, au ivunjwe iwe majembe, kabla haijapata bwana mpya.